Nyumba ya Muislamu: Yaliyo Chini ya Kiti

Yuko mwenzetu mmoja aliyeniandikia kutaka kujua kama yafaa mtu kujisumbua kutengeneza motokaa ya kale iliyochakaa ndani, viti vimeraruka na mazulia yameoza, au kama kazi hiyo yahesabiwa israfu. Suala lake limenikuta nimekwisha ifanya kazi hiyohiyo nyumbani kwangu hapa Kirumba, Mwanza, basi nitamjibu kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Jibu la kwanza ni fupi. Israfu ni kutoa mali pasipo manufaa. Ama mtu mwenye chombo ambacho chaweza kutengenezwa kikatumika, kukiacha kioze uani ndiko kupoteza mali, na dini yetu yakataza kupoteza mali. Lakini akiwa anunua motokaa ya nne ili majirani waione ikipita, ilhali watoto wake wamerudishwa chuoni kwa kukosa ada, huyo asitafute fatwa kwangu.

Motokaa yetu ni Volkswagen ya mwaka 1967, zile zenye mgongo wa duara ambazo watu wazifananisha na kobe. Marehemu baba yetu, aliyekuwa fundi wa nguo, aliinunua mwaka 1976 ikiwa imekwisha tumiwa na mwingine. Vijana wa leo hawaijui sifa ya motokaa hizi katika Afrika ya Mashariki. Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa upepo wala si kwa maji, basi haimchemkii mtu njiani. Katika mashindano ya Safari, zamani yalipokuwa yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, zilishinda mwaka 1954, na 1957, na tena 1962. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 ulimwenguni, na ya mwisho ilitoka kiwandani huko Puebla, nchi ya Meksiko, mwezi wa Julai 2003. Kwa sababu ya wingi huo vipuri vyake vingali vyapatikana kwa mwenye subira ya kuulizauliza.

Baba alifariki mwaka 2011, na mama alikuwa amemtangulia. Tukagawana nyumba na vitu vya nyumbani, lakini motokaa ikabaki chini ya mwembe miaka 14. Naona haya kuliandika jambo hili, maana mimi ndiye nifundishaye vijana elimu ya mirathi, na kila mwaka huwaambia kwamba mali ya maiti isicheleweshwe kugawanywa. Wao huandika katika madaftari yao, kisha hutoka nje na kuipita motokaa ya baba yangu ikiota majani.

Warithi tu watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na ndugu yetu wa kike aliyeolewa Sengerema. Mafungu ni matano. Sisi wanaume kila mmoja mawili, naye moja. Mwaka 2025 mdogo wangu akaja na habari kwamba yuko bwana mmoja mjini ataka motokaa ya kale kwa kuchukulia maharusi, naye atatoa bei nzuri ikiwa ndani ni safi. Kabla hatujagusa hata skrubu moja tulimpigia simu ndugu yetu, tukamweleza kwamba sisi wawili tutatanguliza gharama, nazo zitaondolewa katika bei kabla ya kugawanya. Akaridhia. Tukafungua daftari, na kila kitu kilichonunuliwa, hata bomba la gundi, kikaandikwa siku yake.

Sasa kazi yenyewe. Mwenye kuanza asikimbilie kununua kitambaa. Atoe kwanza kila kitu kilichomo ndani, naye apige picha kwa simu kila kipande kikiwa bado mahali pake, kwani baada ya wiki mbili hatakumbuka kipi kilikuwa juu ya kipi. Skrubu za mlango azitie katika kopo lake, za viti katika kopo jingine, na kila kopo aliandike jina. Viti vya mbele vya motokaa hii hutembea juu ya reli. Ukifungua kizuizi chake huvisukuma vikatoka. Kile cha kukalia cha nyuma hakikufungwa kwa kitu. Chashikwa ukingo wa mbele kikainuliwa. Ni kiti chepesi mno kuinuka, na yafaa neno hili likumbukwe.

Ndani ya viti hivi hamna sponji. Chini kabisa pana fremu ya chuma na springi, na juu ya springi kumewekwa godoro la usumba wa nazi na nywele za farasi lililoshikanishwa kwa mpira. Hapa mtu mmoja wa chuoni akaniuliza: nywele za farasi si najisi? Katika madhehebu yetu ya Shafi nyama ya farasi ni halali, na nywele zilizokatwa kwa mnyama aliwaye naye yu hai ni tohara. Zilikatwa kwa farasi aliye hai au mfu hatujui, na asili ya vitu ni tohara hadi yathibiti kinyume chake. Tena kikavu kikigusa kikavu hakiambukizi najisi. Basi asiwe na wasiwasi mtu aliyesafiri juu ya kiti hicho akashuka akasali.

Ama najisi tuliyoikuta haikuwa ya farasi, ilikuwa ya panya. Walikuwa wamezaa ndani ya kiti cha kushoto, na usumba umelowa mikojo hata umekuwa mweusi. Kitu kama hicho hakioshwi, hutupwa. Vyuma ndivyo huoshwa: kwanza yaondolewe mavi yenyewe, kisha yamiminwe maji mpaka iondoke rangi na harufu. Lakini nawasihi akina mama na watoto wasifagie mavi ya panya yakiwa makavu, kwa kuwa vumbi lake likivutwa puani laweza kuleta maradhi. Yanyunyiziwe kwanza maji yenye dawa ya kuua vijidudu, mtu avae glovu na kufunga kitambaa puani, ndipo ayaondoe.

Tulipoinua kiti cha nyuma tukaona lile ambalo kwa ajili yake naandika. Motokaa hii huweka betri yake chini ya kiti hicho, palepale watoto wakaapo. Juu ya betri palikuwa na pande la mpira wa ndani wa tairi, limekatwa kwa mkasi wa fundi nguo, limefungwa kwa kamba. Na chini ya kiti, katika usumba, palikuwa na alama nyeusi ya kuungua, upana wa kiganja.

Mara nikakumbuka. Ilikuwa mwaka 1980, nami nina miaka tisa, twenda Magu siku ya Idi. Nyuma tulikaa mimi na ndugu yangu wa kike, na katikati yetu shangazi, ambaye Mwenyezi Mungu alimjalia mwili. Njia ilikuwa mbovu, na kila shimo shangazi alizama. Tukasikia harufu, kisha moshi ukatoka miguuni petu. Baba alisimamisha motokaa, akatutoa kwa kutuvuta mikono, akang'oa kiti akakitupa majanini na kukimwagia mchanga. Hakutueleza kitu, na sisi hatukuuliza. Leo najua sababu yake. Kiti kikizeeka springi zake huinama. Mtu mzito akikaa, springi hugusa kichwa cha betri, na fremu yake imekalia bodi ya chuma, basi umeme hupita kwa nguvu, waya huwa mwekundu kama kaa, na usumba hushika moto. Wenye kuzitengeneza walilijua hilo, nao waliweka kifuniko juu ya betri. Kifuniko cha motokaa yetu kilipotea zamani, na baba akatia mpira.

Basi mtu yeyote mwenye motokaa ya namna hii, asisome zaidi. Aende ainue kiti cha nyuma atazame kama kifuniko kipo na betri imefungwa isicheze. Kisha arudi amalizie ukurasa.

Turudi kwenye viti. Springi tulizisugua kwa brashi ya waya, zilizovunjika tukaziunga, kisha tukazipaka rangi ya kuzuia kutu. Juu yake tulishona gunia zito, liwe kizuizi baina ya chuma na godoro, kwani springi ikigusa sponji moja kwa moja huitafuna ikawa unga. Sponji iwe ngumu. Ile laini ya mito ya sebuleni humfurahisha mtu dukani, na baada ya miezi sita huwa amekalia chuma.

Ushonaji uliongozwa na mama wa watoto wangu kwa cherehani ya baba, ile ya kukanyaga kwa miguu. Hakukata kitambaa kwa kukisia. Aliufumua ule mgongo wa zamani mshono kwa mshono, akaandika kila kipande kwa chaki, akakilaza juu ya ngozi mpya ya bandia na kukifuata, huku akiacha sentimita moja na nusu ya mshono. Sindano ilikuwa namba 18, na uzi wa nailoni. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu. Na mishono iwe mirefu kidogo. Ikiwa mifupi na kusongana, ngozi ya bandia hutobolewa matundu mengi ikararuka kwenye mstari kama stempu. Mahali penye tabaka nne hakukanyaga, aliligeuza gurudumu kwa mkono polepole. Alipomaliza tuliianika juani hadi ikalegea, na hapo ndipo tukaivuta na kuishika katika meno ya chuma yaliyomo ukingoni mwa fremu. Watu wa nchi za baridi hutumia mashine za kupuliza joto. Sisi jua tumepewa bure.

Ngozi halisi hatukuitia, kwa gharama yake. Lakini mwenye kuitaka ajue kwamba ngozi ya mnyama hutoharika kwa kudabighiwa, isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Ya nguruwe hutambulikana kwa vitundu vya nywele zake, ambavyo hukaa vitatuvitatu. Atazame upande wa juu kabla hajalipa.

Milango ndani ilikuwa na ubao wa karatasi nzito uliovimba kwa maji. Tulikata plaiwudi ya milimita tatu, tukaipaka vanishi pande zote mbili hata kingo, na nyuma yake, kwenye chuma cha mlango, tukabandika karatasi ya nailoni. Mafundi wengi huiacha nailoni hii kwa kuona ni takataka, kumbe ndiyo izuiayo maji yaingiayo kwa kioo yasiloweshe ubao. Kazi ya gundi tuliifanya uani wakati wa jioni, na hilo lilikuwa kosa. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaokuja kama wingu la moshi, walitufikia gundi haijakauka, na mlango mmoja ukapambwa nao kwa maelfu. Tuliurudia. Dari la kitambaa, lenye kuning'inia juu ya nyuzi za waya, sikulithubutu. Hilo lataka kutoa vioo, na kila waya una kipimo chake na mahali pake. Tulimpa fundi aliyezoea.

Kazi hii ilipendeza. Jirani aliyepita alisema, "Maalimu, hii si ile ya mwembeni." Lakini palikuwa pamebaki sakafu.

Tulipobandua mazulia na ile lami iliyo chini yake tukakuta maji ya miaka mingi yamekula chuma. Mipira ya vioo ilikuwa imekauka kwa jua ikapasuka, na kila masika maji yakaingia na kutulia chini ya zulia, mahali ambapo hapakauki. Mahali pa betri, tindikali imefanya tundu. Hapo tulimwita mchomeleaji. Tulitoa betri kwanza, na kila kitu chenye kushika moto tukakiweka mbali, akakata palipooza na kuunga chuma kipya. Tukanunua kifuniko cha betri na mipira ya vioo. Ama upande wa dereva, mtu mmoja zamani alikwisha ziba kwa bati na lami, na pembeni mwa bati ukigonga kwa bisibisi inazama. Fundi akasema sakafu ya upande ule yataka kubadilishwa yote. Fedha yetu ilikuwa imekwisha.

Mdogo wangu akanena, "Kaka, zulia jipya likitandikwa, nani ataliinua?"

Nikamwambia mimi nitaliinua. Akasema, "Dada ana nyumba haina bati, na mvua za vuli zaja. Wamwonea huruma mnunuzi mwenye fedha, na nduguyo je? Basi tumwambie twauza kama ilivyo, atazame mwenyewe."

Maneno yake yalinichoma, kwa sababu hakusema kwa tamaa ya nafsi yake. Na mimi nilimwazia yule ndugu yetu usiku kucha. Lakini katika Sahihi ya Muslim, Abu Huraira ameipokea habari ya Mtume s.a.w. alipopita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umaji. Alipomwuliza mwenyewe, yule bwana alijitetea kwamba mvua imeinyeshea. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka juu watu waione, kisha akamkana mwenye kudanganya kwamba si katika watu wake. Wala yule bwana hakuilowesha nafaka kwa mkono wake! Mvua ilinyesha, kama ilivyonyesha juu ya motokaa yetu. Kosa lake lilikuwa kuweka kavu juu ya mbichi.

Na lile neno la "nauza kama ilivyo" halimtoi muuzaji katika aibu aijuayo naye akaificha. Mnunuzi akiigundua ana haki ya kurudisha kitu na kuchukua fedha yake, na muuzaji hubaki na dhambi yake. Kuhusu ndugu yetu, fungu lake ni moja katika tano za thamani ya motokaa ilivyo. Hana fungu katika thamani ya sakafu isiyokuwapo, wala sisi hatuna. Na nilimkumbusha mdogo wangu ni nani watakaoketi katika motokaa ile: maharusi, na watoto wa nyuma yao.

Hakunijibu. Akachukua brashi akaendelea kupaka rangi.

Mnunuzi alikuja Jumamosi baada ya alasiri. Alivipapasa viti, akacheka kwa furaha, akauliza aliyeshona. Nikamwomba ainue kiti cha nyuma kwa mkono wake mwenyewe, nikamwonyesha kifuniko na chuma kipya, na nikamweleza kwa nini betri isikae hata siku moja pasipo kifuniko. Kisha nikalivuta zulia la upande wa dereva, ambalo sikuwa nimelibandika. Alichutama, akatoa funguo mfukoni, akasukuma moja penye bati. Ikaingia mpaka nusu.

Alikaa kimya muda mrefu. Mdogo wangu akaenda kusimama chini ya mwembe. Halafu yule bwana akasema anaitaka bado, lakini atapunguza robo ya bei, na hatampakia harusi mtu mpaka sakafu ibadilishwe. Tukaandikiana mbele ya mashahidi wawili, na ile aibu ya sakafu ikaandikwa katika karatasi pamoja na bei. Tulipoondoa gharama za daftarini, kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko tulivyotarajia, kikagawanywa mafungu matano.

Asubuhi yake nilikwenda Sengerema. Njia ile sasa ni nyepesi. Tangu lilipofunguliwa daraja la Kigongo na Busisi mwezi wa Juni 2025 mtu hangoji tena kivuko. Nilimwekea fedha zake juu ya mkeka, na daftari kando yake, nikamsomea kila kilichotumika na sababu ya bei kupungua. Alizihesabu. Akasema zatosha bati za vyumba viwili, na cha tatu kitangoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, nayo haikuja. Aliuliza tu kama lile pande la mpira la baba lilikuwapo bado juu ya betri, maana yeye aliikumbuka ile siku ya Magu kuliko mimi. Soli ya kiatu chake kipya cha Idi iliungua. Nikamwambia lilikuwapo, na kwamba nimeliondoa, na mahali pake sasa pana kifuniko.

Wassalamu alaykum.